Ari ya Timu: Kweli Ni Ipi, Uvumi Ni Upi?

Tarehe 1 Juni 2021 Kisumu iliandaa sherehe za kitaifa za Madaraka katika uwanja mpya wa Jomo Kenyatta, Mamboleo, uliojengwa kwenye ardhi ya maonyesho ya kilimo. Una nafasi ya watu wapatao 30,000. Kanda ya Ziwa, iliyoipa Kenya wanasoka, wachezaji wa raga na wa magongo kwa vizazi, ilikuwa imepata jukwaa linalolingana na vipaji vyake.

Lakini serikali ikishajenga uwanja, mchezaji bado anahitaji kulelewa, na kazi hiyo hufanyika mbali na majukwaa. Hufanyika kwenye viwanja vya vumbi vya Mamboleo, Kibos, Kajulu, Kondele na Manyatta, mikononi mwa makocha ambao wengi wao hujitolea. Kila kocha ana imani zake kuhusu kinachomfanya mchezaji ajitume: kelele za mashabiki, ahadi ya pesa, ukali, hata dawa ya mganga. Kwa zaidi ya miaka mia moja wanasaikolojia wamezipima imani za namna hiyo. Baadhi zimesimama na nyingine zimeanguka. Hizo zilizoanguka zina gharama, maana kila mwaka huwatoa watoto wenye vipaji mchezoni kabla hawajakomaa.

Tuyapitie madai saba, moja baada ya jingine.

Dai la 1: Mashabiki wakifurika, wachezaji hupata ari zaidi

NUSU KWELI. Mwaka 1898 mtafiti wa Marekani, Norman Triplett, alichunguza rekodi za waendesha baiskeli akaona kwamba walikwenda kasi zaidi waliposhindana na wenzao kuliko waliposhindana na saa peke yake. Kisha akawapa watoto vigurudumu vya kukunjia mshipi wa kuvulia samaki, wavizungushe haraka iwezekanavyo, kwanza peke yao, baadaye wawili wawili. Wengine waliongeza kasi. Wengine walivurugika wakapunguza. Wengine hawakubadilika hata kidogo.

Maelezo ya tofauti hiyo aliyatoa Robert Zajonc mwaka 1965. Mtu akitazamwa, mwili wake huamka, na mwili ulioamka hutoa kile ulichokizoea zaidi. Aliyepiga pasi elfu moja mazoezini, pasi yake hutoka safi mbele ya umati. Ambaye bado anajifunza, makosa yake huongezeka. Umati, basi, hukuza kilichokuwemo tayari, kizuri na kibaya.

Janga la korona liliongeza ushahidi mwingine. Ligi za Ulaya ziliporejea mwaka 2020 bila watazamaji, faida ya kucheza nyumbani ilipungua, na timu za wageni zikaonyeshwa kadi chache kuliko kawaida. Sehemu ya nguvu tuliyodhani inaingia kwenye miguu ya wenyeji ilikuwa inaingia kwenye masikio ya refa.

Kwa kocha wa vijana somo ni hili: ufundi mpya ufundishwe penye utulivu. Ukishazoeleka, ndipo upelekwe mbele ya watu.

Dai la 2: Pesa ndiyo inayowasha ari

SI KWELI, kwa namna linavyosemwa. Agosti 2025, Kenya ilipoandaa michuano ya soka ya Afrika ya CHAN pamoja na Tanzania na Uganda, Rais William Ruto aliwaahidi wachezaji wa Harambee Stars shilingi milioni moja kila mmoja kwa kila mechi watakayoshinda. Vijana wa kocha Benni McCarthy waliilaza DR Congo 1-0, wakatoka sare ya 1-1 na Angola, wakaifunga Morocco 1-0 wakiwa wamebaki kumi uwanjani, kisha wakaishinda Zambia 1-0. Morocco hiyo hiyo ndiyo iliyobeba kombe mwishowe. Mitaani wengi walihitimisha kuwa siri ilikuwa pesa.

Hitimisho hilo halishiki. Timu ilikuwa na zawadi ya kupigania pia siku ile ya robo fainali Kasarani, Kenya ilipotoka 1-1 na Madagascar ikatolewa kwa penalti 4-3. Kitu kilichokuwepo kwenye ushindi na kwenye kushindwa hakiwezi peke yake kueleza tofauti ya hayo mawili.

Majaribio yanaonyesha hatari nyingine. Mwaka 1971 Edward Deci aliwapa wanafunzi wa chuo mafumbo ya vipande, wengine akiwalipa kwa kila fumbo walilolitatua. Malipo yalipokoma, hamu ya waliolipwa kwa mchezo waliokuwa wakiupenda ilipungua. Miaka miwili baadaye Mark Lepper na wenzake waliwaahidi watoto wa chekechea cheti chenye nyota ili wachore. Baada ya siku kadhaa, watoto hao walichora kwa karibu nusu tu ya muda waliotumia wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Zawadi ilikuwa imewafundisha kuwa kuchora ni kazi, na kazi bila ujira huachwa.

Hapa tusichanganye mambo. Mshahara wa mchezaji wa kulipwa ni haki yake, na klabu inayowacheleweshea wachezaji mishahara huua ari kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu huwaambia kwamba jasho lao halihesabiwi. Onyo la utafiti linahusu zawadi inayotumiwa kama chambo, hasa kwa watoto. Mzazi anayemlipa winga wa miaka kumi na miwili kwa kila goli anamfundisha asimpasie mwenzake aliye wazi.

Dai la 3: Kundini kila mtu hujituma zaidi

SI KWELI. Hili ndilo dai linalopendwa kuliko yote, na lilikanushwa mapema. Mhandisi Mfaransa Max Ringelmann, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1913, aliwapima wanaume wakivuta kamba. Watu wanane wakivuta pamoja walitoa takriban nusu ya nguvu ambayo ingepatikana kama kila mmoja angevuta kwa uwezo wake wote. Yeyote aliyewahi kusaidia kukokota mashua kutoka majini pale ufuo wa Dunga anajua jambo hili bila kipimo: kuna wanaovuta, na kuna walioshika kamba tu.

Wengine walidhani tatizo ni kukosa mpangilio, kwamba watu hawavuti kwa wakati mmoja. Mwaka 1974 Alan Ingham na wenzake waliwafunga watu vitambaa machoni na kuwaambia kuna wenzao wanaovuta nyuma yao, ilhali hao wenzao walikuwa wakijifanya tu. Nguvu ilishuka vilevile. Mwaka 1979 Bibb Latané na wenzake wakapata jambo hilo hilo kwa kupiga makofi na kupaza sauti: kadiri kundi lilivyokuwa kubwa, ndivyo kila mmoja alivyotoa sauti ndogo.

Dawa yake inajulikana, na ni rahisi. Mwaka 1989 watafiti waliwapima waogeleaji wa chuo kikuu katika mbio za kupokezana. Muda wa kila mmoja ulipokosa kutangazwa, waliogelea polepole kuliko wakiwa peke yao. Muda wa kila mmoja ulipotangazwa, waliogelea kwa kasi zaidi ndani ya timu kuliko peke yao. Timu ilikuwa ile ile na maji yale yale. Kilichobadilika ni kwamba juhudi ya kila mtu ilionekana.

Kocha wa Mamboleo hahitaji kompyuta kwa hili. Daftari na kalamu vinatosha: nani alirudi kukaba, nani alikimbia bila mpira ili kumfungulia mwenzake njia, nani aliupokonya mpira. Kiungo mkabaji asiyefunga goli msimu mzima hulegea kwa sababu hakuna anayeandika kazi yake. Mwandikie, umsomee mbele ya wenzake, utaona tofauti.

Dai la 4: Mchezaji dhaifu huidhoofisha timu nzima

SI KWELI DAIMA. Katika miaka ya 1920 mwanasaikolojia Mjerumani Otto Köhler aliwapima wapiga makasia wa klabu moja ya Berlin wakiinua chuma kizito, kwanza peke yao, kisha wawili wawili wakishika chuma kimoja. Kama mmoja angeacha, mwingine asingeweza kuendelea. Köhler aligundua kwamba mnyonge wa jozi mara nyingi alidumu muda mrefu kuliko alivyodumu peke yake. Kujua kwamba mwenzake anamtegemea kulimwongezea nguvu.

Lipo sharti moja: pengo kati ya wawili hao liwe la wastani. Wakilingana mno, hakuna anayemvuta mwenzake. Wakitofautiana mno, mnyonge hukata tamaa. Kwa hiyo kumkalisha mtoto dhaifu benchi mechi baada ya mechi ni kumnyima kichocheo chenyewe. Mpange mazoezini na aliyemzidi kidogo, na mpe kazi ambayo bila yeye haikamiliki.

Dai la 5: Timu isiyopatana haiwezi kushinda

NUSU KWELI. Hans Lenk alikuwa ndani ya mashua ya Ujerumani ya wapiga makasia wanane iliyotwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Roma mwaka 1960. Baadaye alikuja kuwa mwanafalsafa, na aliandika kuhusu timu hiyo kwamba ilikuwa na makundi na mivutano ya ndani, na bado ilishinda. Walitofautiana kuhusu mengi, wakakubaliana kuhusu kasia.

Mwaka 2002 Albert Carron na wenzake waliunganisha matokeo ya tafiti 46 za michezo na kuthibitisha kwamba mshikamano na mafanikio huandamana, na kwa timu za wanawake uhusiano huo ulikuwa na nguvu zaidi. Uchambuzi mwingine wa mwaka 1994, wa Brian Mullen na Carolyn Copper, ulionyesha kwamba ushindi huzaa mapatano kuliko mapatano yanavyozaa ushindi.

Kwa hiyo kocha asihangaike kuwafanya vijana ishirini kuwa marafiki wa chanda na pete. Awafanye wakubaliane kuhusu kazi: tunakaba vipi, nani anafanya nini tukipoteza mpira. Urafiki utakuja nyuma ya kazi iliyofanywa vizuri.

Dai la 6: Ushindi huletwa na dawa ya mganga

SI KWELI. Hapa pwani ya ziwa dai hili lina mizizi kwenye jina lenyewe la klabu kubwa kuliko zote. Gor Mahia, iliyoanzishwa mwaka 1968, inamkumbuka Gor wuod Ogada wa Kanyamwa, mtu ambaye simulizi za Waluo zinamweleza kuwa mwenye nguvu za maajabu. Kumbukumbu hiyo ni urithi unaostahili heshima. Ila urithi ni kitu kimoja, na kumwambia kijana kwamba miguu yake inaendeshwa na hirizi ni kitu kingine.

Tuitazame historia. Mwaka 1987 Gor Mahia ilitwaa Kombe la Washindi barani Afrika kwa kutoka 2-2 na Espérance mjini Tunis na 1-1 Nairobi, ikaibuka bingwa kwa magoli ya ugenini. Kikosi kile kilikuwa na nahodha Austin Oduor na mfungaji Peter Dawo. Kisha baada ya taji la ligi la mwaka 1995, klabu ile ile, yenye jina lile lile na mashabiki wale wale, ilikaa miaka kumi na minane bila ubingwa wa ligi hadi mwaka 2013. Miaka miwili baadaye, chini ya kocha Frank Nuttall, ikamaliza msimu mzima wa ligi bila kupoteza mechi. Jina halikubadilika muda wote huo. Vilivyobadilika ni wachezaji, makocha na uongozi.

Je, imani tu, hata kama dawa yenyewe haina nguvu, haimsaidii mchezaji kujiamini? Mwaka 2010 watafiti wa Ujerumani walitangaza kwamba watu walioambiwa mpira wao wa gofu una bahati walilenga shimo vizuri zaidi. Habari hiyo ilienea sana. Mwaka 2014 watafiti wengine walirudia jaribio hilo kwa watu wengi zaidi, na faida hiyo haikuonekana.

Madhara ya dawa kwa ari yapo hata pasipo kutaja gharama ya mganga. Bernard Weiner ameonyesha kwamba juhudi ya kesho ya mtu hutegemea anavyojieleza matokeo ya leo. Anayesema "nilishinda kwa kuwa nilijiandaa" anajua la kufanya kesho. Anayesema "walituroga" hana la kufanya ila kutafuta mganga mwenye nguvu zaidi. Dawa humnyang'anya mchezaji sifa ya ushindi wake mwenyewe, na humnyima somo la kushindwa kwake.

Dai la 7: Kocha mkali anayefokea ndiye anayezaa mabingwa

SI KWELI. Kama msomaji atabaki na dai moja tu kati ya haya, na liwe hili.

Watafiti Ronald Smith na Frank Smoll wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, walitumia miaka mingi wakiwafuatilia makocha wa besiboli ya watoto. Waliwafunza baadhi yao, kwa kikao cha saa chache tu, mambo ya kawaida kabisa: sifu juhudi pamoja na matokeo, mtoto akikosea mtie moyo kisha umwonyeshe la kufanya, acha matusi na adhabu za kudhalilisha. Makocha wengine waliendelea na njia zao. Mwisho wa msimu, timu za makundi yote mawili zilikuwa zimeshinda mechi kwa kiwango kinacholingana. Msimu uliofuata, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1992, asilimia 26 ya watoto wa makocha wasiofunzwa hawakurudi uwanjani. Kwa makocha waliofunzwa, ambao hawakurudi ni asilimia 5.

Kuendelea na njia za zamani hakukuleta ushindi wa ziada, na kuliwapoteza watoto takriban mara tano zaidi. Kijiji kinachopoteza robo ya watoto wake kila msimu hakiwezi kujua ni nani kati yao angekuwa mshambuliaji kama Michael Olunga.

Sababu aliieleza John Nicholls mwaka 1984. Alisema kuna njia mbili za mtu kujiona amefaulu. Ya kwanza ni kujipima kwa alivyokuwa jana: je, leo nimeweza nilichoshindwa wiki iliyopita? Ya pili ni kujipima kwa wengine: je, nimewazidi? Njia zote mbili zimo ndani ya kila mchezaji, na kutaka kumshinda mpinzani si dhambi, maana ndiyo maana ya mechi. Shida huja njia ya pili ikibaki peke yake. Siku atakapokutana na aliyemzidi, na siku hiyo haikosi kufika, atakuwa hana sababu ya kujituma. Atajifanya mgonjwa, atacheza kwa hofu, au ataacha kabisa.

Anayeamua ni njia ipi itawale ni kocha zaidi ya mtu mwingine yeyote. Joan Duda na wenzake, waliokuza fikra za Nicholls ndani ya michezo, huuita mchango huo mazingira ya ari. Kocha anayeacha kumwelekeza mtoto aliyekosea, anayewasifu nyota wawili peke yao, anayelinganisha ndugu mbele ya timu, anajenga mazingira ambamo kosa ni aibu. Mchezaji mwenye kuogopa aibu haombi mpira. Anajificha nyuma ya mkabaji, na timu inacheza na watu kumi wakati jezi uwanjani ni kumi na moja.

Hii haimaanishi ulegevu. Kocha aliyefuata mafunzo ya Smith na Smoll anadai mengi: mtoto afike kwa wakati, amalize mizunguko, arudie pasi mpaka ikae sawa. Anachokiacha ni fedheha. Nidhamu humwambia mchezaji kiwango kilipo. Fedheha humwambia kwamba yeye hafai, na ujumbe huo haujawahi kumfundisha mtu kupiga mpira.

Ukiyatazama madai haya saba kwa pamoja, utaona kosa moja likijirudia. Mengi yanaitafuta ari nje ya kazi yenyewe: kwenye kelele, kwenye bahasha, kwenye wingi, kwenye hirizi, kwenye fimbo. Ushahidi unaielekeza kwingine. Ari ya timu hukua pale ambapo kila mchezaji anaona anaendelea, anajua juhudi yake inaonekana, na ana hakika kwamba kuna mwenzake anayemtegemea. Mambo hayo matatu hayahitaji bajeti ya kaunti wala mfadhili kutoka Nairobi.

Yanahitaji watu wazima waliobadilisha maneno yao. Kocha aanze mazoezi ya Jumamosi kwa kumtajia kila mtoto jambo moja alilolifanya vizuri zaidi kuliko wiki iliyopita, na jambo moja la kulifanyia kazi. Mwalimu wa michezo aweke daftari la juhudi kando ya daftari la magoli. Mzazi, mtoto anapoingia nyumbani na viatu vyenye tope, aahirishe swali la nani ameshinda. Amuulize kwanza ni nini alichoweza leo, na ni nani aliyemsaidia kukiweza. Tukifanya hivyo msimu baada ya msimu, uwanja wa Mamboleo hautakosa watu wa kuujaza, juu kwenye majukwaa na chini kwenye nyasi.